AFADHALI KULIKO NINI?
Falsafa mbele ya haki ya mnyonge



Watu wengi wakisikia neno "falsafa" hujiwa na picha ya vijana wa seminari kuu walioinamia vitabu vinene, wakibishana juu ya mambo yasiyopunguza bei ya unga wala kumponya mgonjwa. Sisi tuliopitia masomo hayo tunajua kwamba malalamiko hayo si ya bure kabisa. Ipo falsafa iliyojifungia chumbani na kuusahau ulimwengu. Lakini ipo falsafa nyingine, nayo ni ya kale kuliko ile ya darasani. Sokrates aliifanya kazi yake sokoni mjini Athene, akiwauliza viongozi, washairi na mafundi wanamaanisha nini hasa wanapotamka neno "haki". Kwa sababu ya maswali hayo alihukumiwa kufa mwaka 399 kabla ya Kristo. Mji haumwui mtu kwa maswali yasiyougusa.

Katika makala hii napenda kuonyesha kwamba falsafa ya namna hiyo inahitajika leo katika mijadala ya tiba, ya siasa na ya uchumi, na kwamba haihitajiki kwa maprofesa peke yao. Inahitajika kwa mjumbe wa kamati ya zahanati, kwa mwenyekiti wa jumuiya, kwa mzazi. Kazi yake kubwa ni moja: kuifukua kauli iliyojificha ndani ya hoja, ile ambayo hakuna anayeitamka kwa sababu kila mtu amekwisha kuikubali bila kujua. Nitaeleza kwa mfano mmoja uliotokea katika nchi zetu, kisha tuone jinsi kauli ile ile inavyotembea katika mambo mengine, hadi ndani ya nyumba zetu.

SAYANSI HUJIBU NUSU YA SWALI

Sayansi hutuambia kilichopo na kinachowezekana. Hutuambia kwamba dawa fulani hupunguza maambukizo, kwamba mbegu fulani huzaa zaidi, kwamba bwawa likijengwa hapa umeme utapatikana. Hayo ni maarifa makubwa, na anayeyadharau anajidhuru. Lakini hakuna darubini inayoonyesha haki. Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, katika kitabu alichokitoa kuanzia mwaka 1739, aliwaonya wasomaji wake juu ya waandishi wanaoanza kwa kueleza jinsi mambo yalivyo, halafu ghafla, bila maelezo, wakaanza kusema jinsi mambo yanavyopaswa kuwa. Kutoka "ndivyo ilivyo" hadi "ndivyo inavyostahili" kuna mto. Mtu asivushwe mto huo akiwa usingizini.

Onyo hilo linaonekana dogo. Tutazame sasa lilivyokuwa kubwa katika maisha ya akina mama maelfu.

MJADALA WA MIAKA YA 1990

Mwezi Februari mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa. Wanawake wajawazito wenye virusi vya UKIMWI waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa ya AZT wakati wa ujauzito na wakati wa kujifungua, na watoto wao wakaendelea kuipata kwa wiki sita. Kundi la pili lilipewa kitu kinachofanana na dawa, lakini kisicho na dawa ndani yake. Katika kundi la pili, asilimia 25.5 ya watoto waliambukizwa. Katika kundi lililopata AZT, waliambukizwa asilimia 8.3 tu. Ilikuwa habari njema kweli kweli: theluthi mbili ya maambukizo ya mama kwenda kwa mtoto yangeweza kuzuiwa.

Lakini utaratibu huo ulikuwa na gharama. Dawa peke yake ilifikia takriban dola 800 za Marekani kwa mama mmoja na mtoto wake. Ilihitaji mama aanze kliniki mapema, awekewe dripu wakati wa uchungu, na asimnyonyeshe mtoto. Mwezi Juni mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano mjini Geneva. Wataalamu wakashauri utafutwe utaratibu mfupi na wa bei nafuu kwa ajili ya nchi maskini. Wakashauri pia kwamba, ili kupata jibu la haraka na la hakika, utaratibu huo mfupi ulinganishwe na kidonge kisicho na dawa. Tafiti za namna hiyo zikaanza Thailand, Côte d'Ivoire na kwingineko. Utafiti mmoja mkubwa, ulioitwa PETRA, ulifanyika Tanzania, Uganda na Afrika Kusini.

Mnamo Septemba 1997 mjadala ulilipuka. Madaktari wawili wa Marekani, Peter Lurie na Sidney Wolfe, waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba utaratibu huo ni wa dhuluma. Dawa inayofaa imekwisha kujulikana, walisema. Basi inawezekanaje kumpa mjamzito kidonge kitupu, hali kila mtu anajua kwamba watoto kadhaa wataambukizwa ambao wangeweza kuokolewa? Huko Marekani jambo hilo lisingeruhusiwa. Mhariri wa jarida hilo, Marcia Angell, alikwenda mbali zaidi: alizilinganisha tafiti hizo na kisa cha Tuskegee.

Kwa wasiokifahamu, kisa hicho ni hiki. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume 399 weusi wa jimbo la Alabama, wengi wao wakulima maskini, waliokuwa na ugonjwa wa kaswende. Hawakuelezwa ukweli wa ugonjwa wao. Hata penisilini ilipokuwa imekwisha kuwa tiba inayojulikana ya kaswende, hawakupewa, ili wataalamu waendelee kuona ugonjwa unavyoenda hadi kifo.

HOJA ZA PANDE MBILI

Haki inatudai tuwasikilize na wale waliozitetea tafiti. Hawakuwa watu wasiojali. Harold Varmus na David Satcher, viongozi wa taasisi kubwa za afya za Marekani, walijibu kwamba nchi maskini zinahitaji jibu la swali lao wenyewe: je, dawa kidogo, kwa akina mama wenye upungufu wa damu na wanaonyonyesha, ni bora kuliko hali iliyopo? Daktari Edward Mbidde wa Uganda aliandika kuwakumbusha Wamarekani kwamba wanasayansi wa Uganda hawakuwa watumishi wa mtu. Walikuwa wakiwatafiti watu wao kwa ajili ya manufaa ya watu wao. Neno hilo lina uzito. Mara nyingi wanaojitokeza kututetea husahau kutuuliza.

Tena, wakasema watetezi, hakuna aliyenyang'anywa kitu. Mama wa Dar es Salaam au Kampala aliyepata kidonge kitupu hakupoteza lolote, kwa kuwa nje ya utafiti asingepata AZT kamwe. Na yule aliyeangukia kundi la dawa alipata ambacho asingekipata popote. Kwa hiyo utafiti ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

Mwezi Februari 1998 jibu lilikuja kutoka Thailand: utaratibu mfupi wa AZT ulipunguza maambukizo kwa nusu, kutoka asilimia 18.9 hadi 9.4. Hapo kidonge kitupu kikaondolewa katika utafiti wa PETRA pia. Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Kampala ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapine kwa mama na moja kwa mtoto, kwa gharama ya dola chache tu, ilipunguza maambukizo karibu kwa nusu ikilinganishwa na AZT ya muda mfupi. Watoto wengi wako hai leo kwa sababu ya maarifa hayo. Hilo tusilisahau tunapopima.

KAULI ILIYOJIFICHA

Sasa tuingie kazini. Turudie hoja ile: "Hakupoteza lolote, kwa kuwa asingepata." Ni hoja safi kwa sikio. Lakini tukiivunja vipande tunaona kwamba imesimama juu ya nguzo isiyotamkwa: kwamba kipimo cha kile anachostahili mtu ni kile alichozoea kukipata. Mama wa Dar es Salaam hupata sifuri. Basi chochote kinachozidi sifuri ni zawadi. Mama wa Paris hupata tiba kamili. Basi kinachopungua hapo ni kosa. Ugonjwa ni ule ule, mtafiti huenda ni yule yule, fedha zatoka mfuko ule ule, lakini deni limebadilika kwa sababu mto umevukwa usingizini. "Ndivyo ilivyo kwao" imegeuka kuwa "ndivyo wanavyostahili".

Kiswahili chetu kina methali mbili zinazotazamana katika jambo hili. Ya kwanza husema mnyonge hana haki. Hiyo ni taarifa ya jinsi mambo yalivyo, na kila mkulima aliyewahi kudaiwa rushwa anaijua. Ya pili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hiyo ni amri. Watu wetu walikwisha kuliona jambo alilolionya Hume: unyonge wa mtu hauifuti haki yake; huifanya tu isionekane.

Immanuel Kant naye aliandika mwaka 1785 kwamba vitu vina bei, bali mtu ana hadhi, na hadhi haina badala. Kwa hiyo mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia malengo ya wengine, hata yakiwa mema. Angalieni neno "tu". Kila mmoja wetu hutumikia malengo ya wenzake: mwalimu hutumikia wanafunzi, dereva hutumikia abiria. Ubaya unaanza pale mtu anapobaki kuwa chombo peke yake. Hajaelezwa, hajaridhia, na matunda hayamfikii. Mwaka 1997 waandishi wa habari waliozungumza na akina mama wa Abidjan walikuta kwamba baadhi yao hawakuelewa vizuri kwamba huenda kidonge walichopewa hakikuwa na dawa. Ridhaa isiyoelewa si ridhaa.

Maoni yangu ni haya. Watetezi wa tafiti walikuwa na haki katika mambo mawili. Kwanza, kweli tulihitaji maarifa yetu wenyewe. Matokeo kamili ya PETRA, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba faida iliyoonekana wiki sita baada ya kuzaliwa ilipungua sana watoto walipofikia miezi 18, kwa sababu ya maambukizo kupitia maziwa ya mama. Hilo lisingejulikana kwa kutazama Marekani na Ufaransa pekee. Pili, wanasayansi wetu walistahili kusikilizwa kama watu wazima. Lakini walikosea katika jambo la tatu, nalo ndilo la msingi. Waliichukua bei ya dawa kana kwamba ni kama mvua au mwinamo wa mlima, kitu ambacho hakina mwenyewe. Bei ina wenyewe. Ilipangwa na watu, mahali fulani, kwa sheria zilizotungwa na watu.

Ushahidi ulikuja upesi. Mwaka 2000 mchanganyiko wa dawa za kurefusha maisha uligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwa iko tayari kuutoa kwa dola 350 kwa shirika la madaktari lililokuwa likiwahudumia maskini. Hali iliyoitwa "ya kawaida" ilivunjika mara watu walipoacha kuiita ya kawaida. Na tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba kila mwenye virusi, mjamzito au asiye mjamzito, tajiri au maskini, apewe tiba mara anapogunduliwa. Yule mama aliyeambiwa asingepata kamwe, leo binti yake anapata kliniki.

WALICHOKIFANYA WANAFALSAFA

Huenda mtu akasema: hayo yaliletwa na wanaharakati, madaktari na viwanda, falsafa ilifanya nini? Ilifanya kazi isiyoonekana, kama ya msingi wa nyumba.

Baada ya kisa cha Tuskegee kufichuliwa mwaka 1972, Bunge la Marekani liliunda tume mwaka 1974 ili iseme ni kanuni gani zitawale utafiti juu ya wanadamu. Wanafalsafa waliitwa kufanya kazi pamoja na madaktari, wanasheria na wataalamu wa maadili ya dini. Taarifa yao, iitwayo Belmont, ilitolewa rasmi mwaka 1979, nayo iliweka kanuni tatu: kumheshimu mtu, kutenda mema na kuepuka madhara, na haki katika kugawana mizigo na matunda. Kanuni ya tatu ndiyo inayouliza: kwa nini mizigo ya utafiti wapewe maskini, na matunda wale wenye uwezo? Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964, lilirekebishwa mwaka 2000 mjini Edinburgh likiwa na mjadala wa AZT mbele yake. Likasisitiza kwamba tiba mpya ilinganishwe na tiba iliyo bora miongoni mwa zinazojulikana. Ubishi juu ya neno hilo haujaisha hadi leo, na azimio limerekebishwa tena mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 2024. Lakini leo mtafiti anayetaka kutumia kidonge kitupu ndiye anayetakiwa kujieleza. Zamani alitakiwa kujieleza anayepinga.

Mmoja wa wanafalsafa waliofanya kazi na tume ile, Stephen Toulmin, alibaini jambo ambalo linafaa sana kwetu. Wajumbe walitofautiana kwa imani na kwa misimamo. Hata hivyo, walipojadili kisa kimoja kimoja walikubaliana mara nyingi. Mabishano yalizuka walipoulizwa sababu za mwisho za makubaliano yao. Wazee wetu katika baraza wangetabasamu kusikia hayo. Shauri hukatwa kwa kulitazama shauri lenyewe.

Na hapa Afrika Mashariki tulikuwa na Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995. Alijulikana kwa kwenda vijijini kuwasikiliza wazee wenye hekima, ili aonyeshe kwamba fikra za kuhoji si mali ya Ulaya wala ya chuo kikuu. Aliandika pia juu ya misaada ya nchi tajiri kwa nchi maskini. Alishikilia kwamba kila mwanadamu ana haki ya kiwango cha chini cha uhai wenye utu: usalama wa mwili wake, afya, na riziki ya kumwezesha kuishi. Asiyefikiwa na kiwango hicho hawezi hata kuzitumia haki nyingine. Kwa hiyo kumfikisha hapo ni deni, si hisani. Tazameni jinsi neno hilo linavyoijibu kauli iliyojificha: kipimo hakianzi sifuri. Kinaanza kwenye utu.

KAULI ILE ILE NJE YA HOSPITALI

Mtu akishaijua sura ya kauli hii, ataikuta kila mahali.

Miaka ya 1980 na 1990 serikali zetu, zikibanwa na madeni na masharti ya wakopeshaji, zilianza kuwachangisha wananchi gharama za tiba: Kenya mwishoni mwa mwaka 1989, Tanzania kuanzia mwaka 1993. Hoja ilikuwa: afadhali walipe kidogo wapate dawa, kuliko huduma ya bure isiyo na dawa. Katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 uligundua kwamba baada ya ada kuwekwa mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Waliokosekana hawakuwa wamepona. "Kidogo" cha mpanga bajeti kilikuwa ukuta kwa mgonjwa. Vivyo hivyo, ada za shule za msingi zilipofutwa, Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, watoto walifurika hata madarasa yakawa hayatoshi. Wote hao walikuwepo siku zote, ila hawakuhesabiwa.

Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la korona, daktari mmoja wa Ufaransa aliuliza katika televisheni kama chanjo isijaribiwe Afrika, mahali ambapo hakuna barakoa wala matibabu. Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani alilaani vikali maneno hayo, na kwa haki. Lakini wapo miongoni mwetu waliotoka hapo wakahitimisha kwamba chanjo zote ni hila. Hilo nalo ni kosa la kufikiri. Hasira si hoja. Falsafa inayotufundisha kumhoji mwenye nguvu inatudai pia tuhoji uvumi unaotupendeza. Dawa isiyojaribiwa kwetu kwa haki ni dawa ambayo hatutajua kama inatufaa.

Mwezi Januari 2023 iliripotiwa kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na uchafu wa kutisha, ili programu za kompyuta zinazojibu maswali zijifunze kuyaepuka. Baadhi yao walisema kazi hiyo iliwaumiza nafsini. Utetezi uliosikika mara nyingi ni ule tunaoujua: wangelipwa pungufu kwingine, afadhali kazi hii kuliko kukaa bila kazi. Teknolojia ni mpya; kauli iliyojificha ni ile ya zamani.

NA KATIKA NYUMBA ZETU

Ndugu zangu, ingekuwa rahisi kuishia Geneva na Marekani. Lakini tume ya haki na amani isiyotazama ndani ya parokia yake haina ujasiri wa kuisema serikali.

Katika nyumba zetu nyingi yumo binti aliyetoka kijijini kutufanyia kazi. Anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Tukiulizwa juu ya mshahara wake, tunajibuje? "Kwao asingepata hata hicho. Hapa anakula, anavaa, analala pazuri. Afadhali." Ni maneno yale yale ya watetezi wa kidonge kitupu, ila wao walikuwa na sababu ya kisayansi. Na yule katekista anayezunguka vigango kwa baiskeli, na mlinzi wa usiku wa parokia, na mwalimu wa chekechea yetu: je, tumewapangia posho kwa kupima kazi na mahitaji yao, au kwa kupima umaskini wao?

Mtu atasema: Padre, je, nusu si bora kuliko kukosa? Ndiyo, ni bora, na sina neno dhidi ya anayeipokea. Mama aliyekubali kuingia katika utafiti alifanya busara. Binti aliyekubali kazi alifanya busara. Neno "afadhali" ni halali kinywani mwa anayepokea, kwa sababu yeye hakuchagua yale mengine. Kinywani mwa anayetoa ni neno la kuchunguzwa. Anayepokea nusu ana hekima. Anayetoa nusu hali ana kizima asijiite mkarimu.

TUFANYE NINI?

Hatuhitaji kufungua chuo kikuu parokiani. Tunahitaji kujenga mazoea ya kuuliza kwa utaratibu, bila kelele na bila woga. Mradi unapoletwa kijijini, uwe wa dawa, wa mbegu, wa mgodi au wa mkopo, viongozi wa walei waitishe kikao na waulize: Tunalinganishwa na nani, na kwa nini na huyo? Nani anabeba mzigo, na nani atakula matunda? Je, waliohusika wameelezwa kwa lugha wanayoielewa, na wanaweza kukataa bila kuadhibiwa? Hali inayoitwa "ya kawaida" ilipangwa na nani? Na je, yule anayetuletea jambo hili angelikubali kwa binti yake mwenyewe?

Maswali hayo hayahitaji Kilatini. Yanahitaji muda, na yanahitaji watu kukaa pamoja na kuvumilia jibu wasilolipenda. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1998 juu ya imani na akili, alifundisha kwamba hivyo viwili havishindani, na kwamba imani isiyotumia akili huelekea kuwa ushirikina. Mwamini anayefikiri hampunguzii Mungu kitu. Anamwongezea jirani yake ulinzi.

Basi siku tutakaposikia tena neno "afadhali" likitamkwa juu ya maskini, katika kikao, redioni, au mezani petu wenyewe, tusiliache lipite. Tuulize kwa upole: afadhali kuliko nini?

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Tajeni jambo moja katika kata au mtaa wetu ambalo watu huliita "la kawaida". Je, lilianza lini, na nani alilipanga?

2. Kamati ya zahanati au ya shule ikileta uamuzi wa mchango mpya, tufanye nini ili sauti ya asiyeweza kulipa isikike kabla ya uamuzi kupitishwa?

3. Kila familia yenye mfanyakazi wa ndani, na halmashauri ya parokia kwa wafanyakazi wake, ipange siku ya kukaa nao na kuzungumza juu ya mshahara, saa za kazi na mapumziko. Tukubaliane tarehe ya kupeana taarifa.